Radio Inasema Mfupa Umepona, Mke Wangu Anasema Mkono Unaungua

Shangazi, jambo sana.

Nakuandikia usiku. Watoto wamelala, mama yao ameketi mlangoni kama kawaida yake siku hizi, mkono wa kuume ameulaza gotini kama mzigo alioachiwa autunze. Sisi ni watu wa Goma, mtaa wa Ndosho. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa na watoto watatu. Mimi napakua mizigo bandarini. Yeye ni fundi wa kushona, na si kwa kumsifu kwa kuwa ni wangu, lakini ukisimama nje ya kanisa letu Jumapili utahesabu vikwembe vilivyopita mikononi mwake mpaka uchoke.

Mwezi wa tatu alikwenda Birere kununua uzi na zipu. Wakati wa kurudi, pikipiki ikateleza kwenye mawe ya volkano, akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitali wakampiga radio, ile picha ya mifupa, wakanyoosha mfupa, wakamfunga plasta wiki sita. Familia ya motari, yule dereva wa pikipiki, ililipa bila kelele, nawashukuru. Hata ndani ya ile plasta alikuwa akisema inambana, inamuunguza. Tukamwambia avumilie, mfupa ukiwa unaunga lazima uume.

Plasta ilipofunguliwa ndipo tukaona mambo. Mkono umevimba, ngozi inang'aa. Mchana unakuwa mwekundu na wa moto, ukisogeza kiganja chako bila hata kuugusa unasikia joto. Jioni unageuka rangi ya zambarau, unakuwa baridi kama samaki aliyetoka ziwani. Unatoa jasho peke yake, huku wa pili ni mkavu. Kucha zake zinakua haraka kuliko za mkono mzima, na vinyweleo vimekuwa vingi. Ngumi haifungi. Lakini lililonichosha ni hili: hataki kuguswa. Shuka likimpitia analia. Kikwembe, Shangazi! Mtu aliyeishi na kitambaa mkononi tangu usichana, leo kitambaa kinamchoma. Anaufunika mkono kwa taulo lenye maji, na akilala anautoa nje ya chandarua. Cherehani imefunikwa, kikapu cha vipande kiko chini yake, hakuna aliyekigusa tangu mwezi wa tatu. Kioo kirefu cha wateja aliniomba nikigeuze kitazame ukuta, hataki kuuona ule mkono. Siku moja akaniambia, "Si wangu huu. Ni kama wamenishonea wa mtu mwingine."

Tumerudi hospitali mara nne. Radio mbili zinaonyesha mfupa umeunga vizuri. Damu imepimwa, safi. Daktari wa mwisho aliinua picha dirishani, akaniangalia mimi, si yeye, akasema, "Papa, mama hana kitu. Arudi kazini."

Basi dada zangu wakapata la kusema. Mmoja anasema wifi yao amechoka kushona, anataka kulishwa. Wa pili anasema kuna fundi mwenzake wa Birere aliyemtupia kitu kwa wivu, twende chumba cha maombi, afunge siku arobaini na aache dawa zote. Kaka yangu mkubwa anataka nimrudishe kwao Bukavu apumzike mpaka apone, maana hapa, anasema, anapumzika kwa jasho langu.

Nitasema ukweli kwa kuwa hunijui. Nilianza kuwaamini. Mwezi wa tisa mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia uani, mtoto wetu mdogo akateleza kwenye jiwe. Nilimwona mama yake kwa macho yangu akimdaka kwa mkono huohuo na kumbeba mpaka ndani. Nikasema moyoni, kumbe! Usiku ule alikaa mlangoni mpaka kukapambazuka, mimi nikalala nimempa mgongo. Wiki iliyofuata tukagombana juu ya chakula. Nikaushika ule mkono, nikauvuta, nikamwambia, "Fungua vidole, acha mchezo." Alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Tangu siku hiyo haketi upande wangu.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Kuna mtu amenielekeza kwa mpasuaji wa mji mwingine ambaye hajamwona mke wangu, amesikia habari kwa simu tu, lakini anasema atafungua kifundo asafishe mishipa na maumivu yataisha. Anataka dola elfu moja na mia nane. Tangu mabenki yafunge milango hapa mwanzoni mwa 2025, hela kama hizo hazikopeki. Kitu pekee tulichonacho ni parseli, kiwanja chetu cha Mugunga, tuliyoinunua baada ya volkano ya 2021 kula nyumba yetu. Mke wangu hataki niiuze. Anasema afadhali mkono ukatwe. Amelisema mara tatu, na mara ya tatu hakuwa analia.

Nimwamini nani, picha au mke wangu? Na nikimwamini yeye, niuze?

Baba wa Watatu, Ndosho

*

Baba wa Watatu, jambo ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya mambo uliyoyaandika kama ya kupita tu. Nitayarudia.

Kwanza swali lako. Umeleta mashahidi wawili, picha na mke, ukasema hawapatani, basi mmoja ni mwongo. Na kama wote wawili wanasema kweli? Radio huona mfupa. Mshipa wa fahamu haiuoni, na mshipa ukiwaka haioni moto wake. Kuiuliza radio kama mkono unauma ni kama kumuuliza mwashi aliyejenga nyumba yako kama ndani kuna amani. Atakwambia kuta zimesimama, na hatakuwa amekudanganya.

Mimi si daktari, na hakuna anayempima mgonjwa kwa barua. Lakini tazama uliyoyaandika kwa mkono wako: joto mchana, baridi jioni. Rangi inageuka. Jasho upande mmoja. Kucha, vinyweleo, uvimbe, vidole visivyofunga, shuka linalochoma. Dada zako wanaweza kusema mtu amejifunza kulia. Sawa, kulia kunafundishika. Nionyesheni mtu aliyejifunza kutoa jasho mkono mmoja.

Mambo hayo yakikutana baada ya kuvunjika kifundo cha mkono yana jina. Madaktari wetu waliosomea Kifaransa huyaita algodistrofi. Tangu 1994 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kinatumia jina refu zaidi, ambalo kwa Kiswahili tungesema mkusanyiko tata wa maumivu ya sehemu moja ya mwili, na hospitali za kwetu huandika herufi SDRC. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, mikono kuliko miguu, na kuvunjika kifundo cha mkono ni mojawapo ya milango yake mikubwa. Plasta inayobana na kuunguza kupita kiasi katika wiki za kwanza ni dalili ambayo siku hizi inatakiwa kushtua watu. Nanyi mlimwambia avumilie. Sikulaumu, hata mimi ningemwambia hivyo.

Ugonjwa huu hauna kipimo chake cha damu. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kuuangalia mkono. Wataalamu waliokutana Budapest, Hungaria, mwaka 2003 walikubaliana namna ya kuutambua: maumivu makubwa kuliko jeraha lenyewe, pamoja na dalili za mguso, za rangi na joto, za jasho na uvimbe, na za mwendo, kucha na nywele, baada ya kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza yote hayo. Kwa hiyo damu safi haikuwa ushahidi dhidi ya mke wako. Yule daktari alisoma picha vizuri. Mkono ndio alisahau kuusoma.

Unaumaje mkono uliokwisha kupona? Mfupa unapovunjika, ncha za mishipa ya fahamu mahali pale humwaga kemikali, na mojawapo huitwa sabstansi P. Kemikali hizo hupanua mishipa ya damu, damu ikaja kwa wingi na maji yakavujia nyamani. Seli za kinga nazo hufika na vitu vyao, vinavyozichokoza ncha zilezile zimwage zaidi. Hali hii hospitalini huitwa enflamasio, mimi naiita mwako. Siku chache za kwanza mwako ni rafiki, ndio unaosafisha na kujenga. Kwa watu wachache hauzimiki, na mbaya zaidi, unapanda juu.

Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali ambapo mshipa unaotoka mkononi hukabidhi habari kwa mshipa unaokwenda ubongoni. Hapo wanakaa walinzi, seli ziitwazo mikroglia, alizozieleza Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Kwa muda mrefu zilidhaniwa ni wafagiaji tu. Unajua tunavyofanya mtaani mwizi akiingia usiku: wa kwanza anapiga sufuria, jirani anasikia naye anapiga, filimbi zinalia, mtaa mzima unaamka. Mwizi amekwisha kimbia zamani, lakini kila mmoja anaendelea kupiga kwa sababu anamsikia mwenzake anapiga. Ndivyo mikroglia zinavyofanya zikiamshwa sana. Zinamwaga kemikali zinazofanya mishipa ya jirani iwe nyepesi kushtuka, mpaka habari ndogo ya kitambaa kugusa ngozi inafika ubongoni kama habari ya kisu. Mengi ya haya yameonekana kwa wanyama wa maabara kwanza, na uchunguzi kwa watu unazidi kuelekea hukohuko.

Ubongo nao hauachwi nje. Una ramani ya mwili, na mkono uliofungwa, ukauma, ukafichwa kwa miezi, ramani yake inavurugika. Ndiyo maana nilipiga mistari miwili chini ya yale maneno, "si wangu huu." Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu huyasema, karibu kwa maneno hayohayo, katika nchi ambazo hakuna anayemjua fundi wa Birere. Si wazimu, na mwenye wivu hahitajiki ili yatokee.

Hata lile taulo lenye maji si la ajabu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, daktari mmoja, Silas Weir Mitchell, alitibu askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu. Majeraha yalikuwa yamefunga, na bado walisema mkono unaungua. Walitembea na chupa ya maji na sponji kuulowesha, na wengine walishtuka hata gazeti likikunjwa karibu yao. Wale walikuwa askari, Baba wa Watatu. Hawakuwa wakitafuta kulishwa na shemeji.

Sasa turudi uani kwako, siku ya mvua.

Umeandika kwamba alimdaka mtoto kwa mkono mbovu, nawe ukasema kumbe. Kisha, katika pumzi ileile, umeandika kwamba usiku ule alikaa mlangoni mpaka kukapambazuka. Umeyaweka mambo hayo mawili jirani na hukuyaunganisha. Mama akimwona mtoto anaanguka juu ya jiwe hafanyi hesabu, mkono unatoka wenyewe. Hesabu ilikuja usiku, akailipa peke yake, mtu wa kumsindikiza akiwa amelala amempa mgongo. Naomba uisome tena sehemu hiyo ya barua yako kama vile imeandikwa na mwanamume mwingine.

Na lile la kuuvuta mkono. Umelikiri bila kuulizwa, na hilo nalihesabu upande wako. Lakini lina madhara mawili. Kuunyoosha kwa nguvu mkono wa namna hii huwasha mwako upya, iwe ni mume aliyekasirika, mkandaji wa kienyeji au mtu wa mazoezi asiyeujua ugonjwa. Na mwili wake sasa umejifunza kukuogopa wewe, juu ya kuogopa shuka. Kabla ya kutafuta fundi wa mishipa, kuna neno la kumwambia mkeo, na unalijua.

Kuhusu parseli sitakuamulia. Nitakuonyesha ninachokiona katika kila njia, nawe utakaa na mkeo.

Upasuaji kwanza. Kuna wakati una maana: mshipa wa fahamu ukiwa umebanwa kweli pale kifundoni, kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, zaidi usiku, na daktari akipima anaweza kuonyesha ni mshipa gani. Kama ndivyo, kuufungua kunaweza kusaidia. Lakini kwa mkono wenye algodistrofi peke yake, kisu ni jeraha jipya, na jeraha ndilo lililoamsha mtaa mara ya kwanza. Ningekuwa wewe ningempigia yule mtu kabla ya kumtafuta mnunuzi, nikamuuliza ugonjwa unaitwaje, ni mshipa gani anaokwenda kuusafisha, amejuaje bila kuugusa mkono, na atafanya nini ukizidi. Akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kukujibu.

Bukavu. Kaka yako anasema apumzike. Neno tamu, na kwa ugonjwa huu lina sumu ndani. Mkono uliolazwa kabisa unazidi kuvimba, viungo vinaganda, mfupa wenyewe unapoteza nguvu, na ubongo unazidi kuusahau. Hata hivyo usiifute Bukavu haraka. Huenda yeye mwenyewe anamtamani mama yake kwa wiki mbili, mahali ambapo hakuna wifi anayehesabu vijiko vyake. Kwenda kwao kwa kupenda si sawa na kurudishwa. Mwulize, kaka yako asiwepo.

Maombi: mwende. Anayeombewa na watu wanaompenda analala vizuri zaidi, na mtu asiyelala huumwa zaidi, hilo hata hospitali wanalikubali. Nisichokubali ni ile sehemu ya "aache dawa zote", maana ziko dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kuendelea nazo.

Na dawa zenyewe? Zipo zinazotuliza mishipa ya fahamu, kama amitriptilini inayomezwa usiku, au gabapentini. Si kila mtu zinamfaa, zinaleta usingizi na kinywa kikavu, na daktari huanza na kidogo. Zipo pia za kuzima mwako, jamii ya kotikosteroidi, ambazo baadhi ya madaktari huzitoa kwa muda mfupi ugonjwa ukiwa bado mbichi. Hapa nataka unisikilize vizuri: usikubali mtu wa dukani amchome deksametazoni kila wiki "ya kutoa uvimbe". Inapandisha sukari na shinikizo la damu, inakula mifupa, inashusha kinga. Tramadoli nayo mwili huizoea, kesho unadai mbili.

Lililobaki ni lile ambalo halina bei ya kuuzia parseli, na labda ndiyo sababu hakuna aliyekutajia: mtu wa mazoezi ya viungo, kine, anayeujua ugonjwa huu. Goma si maskini kwa hilo, ndugu yangu. Vita vimetupa majeraha mengi, na majeraha yametupa watu wanaojua viungo. Kituo cha Shirika la Umoja unakijua, ambako waliopoteza miguu hutengenezewa mingine na kufundishwa kutembea. Anza kuuliza pale, au kwenye hospitali yenye huduma ya mifupa, na uulize bei kabla ya kukaa. Mwambie kine, "Tunashuku algodistrofi," kisha umwache mkeo aseme mengine mwenyewe. Kine mzuri hatauvuta mkono. Atakwenda nao taratibu, leo nusu ya kidole, kesho nusu nyingine. Atatafuta maumivu yanayotulia baada ya muda mfupi, si yale yanayomkesha mtu mlangoni. Itachukua miezi. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza au karibu na hapo, wengine hubaki na maumivu lakini wanarudi kazini nayo, na wachache yanawashinda. Nisingependa ukamwahidi zaidi ya hayo.

Homa ikipanda, usaha ukitokea, mkono ukivimba kuelekea kwapani au vidole vikianza kuwa vyeusi, msingoje kine wala barua ya Shangazi. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Limebaki lile la kukatwa, na nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi. Mtu akisema nikatwe mkono huku analia, analalamika. Akilisema bila machozi, amekwisha kukaa nalo peke yake kwa muda. Mnapofika kile kituo, mwombe mmoja wa waliokatwa mguu amsimulie kuhusu maumivu ya mguu ambao haupo: vidole vinavyowasha wakati havipo, nyayo inayoungua wakati ilizikwa zamani. Wengi wao wanayajua. Maumivu yakishahamia kwenye uti wa mgongo na ubongo, kukata mkono si kuyakata, na kwa ugonjwa huu yameonekana yakirudi kwenye kigutu. Lakini kabla ya maelezo hayo yote, keti karibu naye, si karibu sana, umuulize kwa sauti ya kawaida kama ni mkono tu anaotaka kuuondoa au amechoka na kuishi. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akisema amechoka na kuishi, usimwache peke yake usiku ule, na asubuhi mwende hospitali mkatafute mtu wa kuzungumza naye, hilo likitangulia mkono.

Kuna vitu viwili nyumbani kwako ambavyo ningevitumia hata kabla ya kumpata kine, taratibu, naye akikubali.

Cha kwanza ni kile kioo. Kuna mazoezi ambayo mgonjwa huweka kioo katikati ya mikono miwili, mbovu umefichwa nyuma yake, mzima uko mbele. Anautazama mzima kiooni ukifungua na kufunga vidole, na ubongo unaona kana kwamba ni ule mbovu unaotembea bila kuumia. Yalianza kwa waliokatwa viungo, kisha yakajaribiwa kwa ugonjwa huu, na wapo yaliowasaidia. Kioo kirefu kinaweza kulazwa kwa ubavu juu ya benchi. Huenda siku ya kwanza atazame dakika mbili tu kisha akigeuze tena ukutani. Mwache akigeuze.

Cha pili nilipokisoma nilicheka kidogo, unisamehe. Kuzoeza ngozi kuguswa tena hufanywa kwa vitambaa. Huanza na kile laini kabisa, kikapitishwa mahali ambapo anavumilia, labda juu ya kiwiko, sekunde chache, mara kadhaa kwa siku. Siku zikienda, kinafuata chenye mikwaruzo kidogo na kinashuka karibu zaidi na kiganja: hariri, kikwembe kilichofuliwa mara nyingi, kikwembe kipya chenye wanga, taulo, mwisho gunia. Wenzetu wa nchi nyingine huandaa vipande hivyo makusudi. Ninyi mna kikapu kizima chini ya cherehani, na anayejua kila kipande humo kwa jina, bei na mwaka aliokikata ni yeye.

Anayeshika kitambaa awe yeye mwenyewe, kwa mkono wake mzima. Wewe kazi yako ni kukitoa kikapu pale chini, kukipangusa vumbi, kukiweka mahali anapokifikia, na kumuuliza angependa kuanza na kipi. Kisha uniandikie amechagua kipi.

Shangazi